Kopo Mkononi, Mtoto Mgongoni

Kabla hawajafunika jeneza la binti yangu Paskalina, niliomba wanisogeze karibu. Wajukuu wakanishika huku na huku, wakidhani nataka kumlilia kama mama wengine. Sikulia. Nililowanisha kidole gumba kwa mate, nikampaka kwenye paji la uso, kisha nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki nikakaa. Minong'ono niliisikia, maana miguu ndiyo iliyochoka, masikio bado. Mke wa mjukuu wangu mmoja, msichana anayefanya kazi kwenye hoteli ya watalii, alimwambia mwenzake kwamba bibi ameanza kuchanganyikiwa, na katekista akajifanya anatafuta ukurasa kwenye kitabu chake. Niliyaacha yapite. Mtu anayemzika mwanawe akiwa na miaka themanini na ushee hana nguvu ya kusimama na kueleza habari za mate. Lakini sasa matanga yamekwisha, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, kila mtu ameshika njia yake, na mimi nimebaki na muda mwingi kuliko ninaouhitaji. Basi nitaeleza. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule uliofuata Uhuru, na mkia wake, nilipokuwa mama kijana na kazi yangu ilikuwa kuomba watu makohozi. Na niseme mapema ili msinisubiri huko: Paskalina ameondolewa na sukari, si kifua.

Zahanati yetu ilikuwa Karatu, kando ya barabara inayopanda kwenda Ngorongoro, na chumba cha kupimia kilikuwa zamani stoo ya mbegu za ngano. Wakulima wa kizungu waliihama, wakatuachia harufu, panya na wadudu wadogo weusi ambao hata uwafagie vipi kesho unawakuta. Kulikuwa na meza moja, beseni la enameli, taa ya spiriti, chupa ya rangi nyekundu na chupa ya rangi ya bluu, na hadubini iliyokaa dirishani kwa sababu ilitegemea jua. Chini yake ilikuwa na kioo kidogo cha kunasa mwanga. Mwezi wa saba ukungu ukishuka kutoka kwenye kreta, jua halionekani mpaka karibu na adhuhuri, nasi tulikaa pale tumejikunyata, tukinywa chai ya rangi, tukisubiri mbingu ituruhusu kujua nani anaumwa nini. Nikikumbuka mwaka ule, kitu cha kwanza ninachokiona ni vidole vyangu, vyekundu kwenye kucha kwa ile rangi, nikikanda unga wa ugali nyumbani na majirani wakiniangalia vidole hivyo kabla ya kunyoosha mkono kula.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Elia, mtu wa Upare, mrefu, mwenye subira ya kusumbua. Aliwahi kufundishwa kazi hiyo Arusha, naye akanifundisha mimi niliyeletwa pale kufagia. Alinionyesha kuchukua kohozi kwa kijiti, kulitandaza kwenye kioo, kulipitisha juu ya moto likauke, kulimwagia ile rangi nyekundu na kuipasha mpaka itoe mvuke, kisha kuosha kwa asidi. "Asidi inaondoa wekundu kwa kila kitu," alisema, "isipokuwa kwa mwenyewe. Yeye ana ngozi ya nta. Akishavaa nyekundu havui." Halafu unaweka bluu, na ukitazama unaona uwanja wa bluu, na kama mwenyewe yumo, unamwona amelala humo, vijiti vyekundu vyembamba, vingine vimepinda kidogo. Hicho ndicho kifua kikuu. Nimonia ilikuwa na vimelea vyake, ambavyo hukaa viwili viwili kama watu walioambiwa washikane mikono, navyo tulivitafuta kwa rangi nyingine. Magonjwa haya mawili yanaweza kuanza kwa homa ileile na kikohozi kilekile, lakini jina moja lilikuwa linakurudisha nyumbani na jina la pili lilikuwa linakupandisha lori.

Hapo ndipo shida ilipokaa. Mwenye nimonia alipigwa sindano za penisilini, akanywa uji, akaenda zake. Mwenye kifua kikuu alipelekwa hospitali ya kifua, mbali, upande wa Kilimanjaro, akae mwaka na zaidi. Barazani niliwasikia wagonjwa wakiongea asubuhi wakisubiri, wakiwa wamejifunika mablanketi mpaka puani. Mmoja alisema mtu wa Endabash alipelekwa huko, aliporudi akakuta mke ameolewa na shamba limelimwa na ndugu. Mwingine akasema afadhali huyo alirudi. Basi kila mtu akawa na jina lake la kukwepa: baridi ya ubavu, vumbi la barabarani, jicho la jirani. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Nawaheshimu, lakini wahenga hawakufanya kazi zahanati. Mimi nimeona watu wakificha kikohozi miaka mingi kuliko walivyoweza kuficha mapenzi.

Paskalina nilikuwa nakwenda naye kazini, mgongoni, kwa kitenge. Kabla yake nilizaa mtoto wa kiume, naye nimonia ikamchukua kabla hajaota meno, kwa hiyo huyu wa pili sikutaka awe mbali na mgongo wangu hata kwa muda wa kuchota maji. Alikuwa mdogo wa mwili, anakula vizuri lakini chakula hakionekani kilikokwenda. Usiku nilimsikiliza anavyopumua, na mchana nilimsikiliza vilevile. Baba yake alikuwa kwenye mashamba ya kahawa Oldeani, akija Jumapili na kuondoka Jumapili. Bwana Elia hakupenda mtoto kuingia chumba cha vipimo, alinikataza mara kadhaa, kisha akachoka, akatengeneza sanduku la mbao nje ya mlango kwenye kivuli, akasema huko ndiko ofisi ya mtoto.

Mzee Lemomo aliletwa na gari la mbao lililoshuka kutoka Ngorongoro, yeye na mke wake, Yeyo Sinyati, yaani Mama Sinyati kwa Kimasai. Alikuwa na homa iliyomfanya atetemeke mpaka hereni zake zikawa zinagongana. Daktari, mzungu aliyetutembelea kila wiki kutoka mbali na kuongea Kiswahili cha kuvutavuta, alisikiliza kifua chake, akasema nimonia, akaandika sindano. Homa ikashuka. Baada ya siku chache mzee akawa ameketi kitandani, shuka jekundu begani, akisalimia kila apitaye. Wadi ile ilikuwa na vitanda vichache na huzuni nyingi, naye aliichangamsha. Aliwatania vijana wa Kiiraqw kwamba wanalala kama ng'ombe walioshiba, akamfundisha mwendeshaji wa trekta aliyevunjika mguu kusalimia Kimasai, na uji wetu aliusifia kwa adabu kisha akampa jirani. Kilichobaki kilikuwa kikohozi tu. Na mikono yake. Kila nikimwangalia, mikono ile ilikuwa imepungua kidogo.

Daktari alitaka makohozi yake yapimwe, kwa usalama. Nikachukua kopo, lile la mafuta ya kupaka lenye mfuniko, nikaenda. "Takwenya!" akaniita, hivyo ndivyo mzee anavyomsalimia mwanamke. "Iko," nikaitika. Nikamwambia, baba, tunaomba utoe kilichomo kifuani, uweke humu. Nikamnyooshea kopo kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa nyumbani kumpa au kumwomba mtu mzima kitu. Akaliangalia kopo. Akaniangalia mimi. Akamwangalia Paskalina aliyechungulia juu ya bega langu. Kisha akatema ndani ya kopo mate mepesi, membamba, kama mtu anayenyunyizia maji nguo ya kupiga pasi, akasema maneno taratibu ambayo sikuyaelewa. Akamwashiria mtoto. Nikainama ili amfikie, naye akamnyunyizia mtoto paji la uso mate yaleyale, akaligusa kwa kidole. Nilijua hiyo ni baraka. Nani anaishi jirani na Wamasai asijue? Nilifurahi. Naona haya kidogo kusema nilivyofurahi. Mwanamke aliyefukia mtoto mmoja hachagui baraka kwa dini wala kabila.

Bwana Elia aliangalia kile kioo cha slaidi, akanung'unika. "Mate," alisema. "Naona ngozi ya mdomo tu hapa. Hakuna kilichotoka kifuani." Nikarudi tena asubuhi iliyofuata, na iliyofuata. Kila siku kopo lilipata baraka, na mtoto akapata yake. Nilimweleza mzee kwa maneno, nikamweleza kwa vitendo. Nilisimama katikati ya wadi nikakohoa kutoka chini ya tumbo, nikajishika mbavu, nikatoa sauti ya trekta lililokwama kwenye tope. Wadi nzima ilicheka. Yule wa mguu alicheka mpaka akalia kwa maumivu. Mzee alicheka pia, akapangusa machozi, akachukua kopo kwa heshima kubwa, akatema mate mepesi.

Daktari alipokuja, niliwasikia yeye na Bwana Elia upande wa pili wa ukuta wa mbao, nikiwa nanyonyesha. "Homa hakuna," daktari alisema. "Kipimo hakuna kitu. Aende nyumbani, nina watu wanalala chini." Bwana Elia akasema, "Kipimo chenyewe ni mate, daktari. Slaidi ya mate haisemi hapana. Inasema sijaulizwa." Kisha daktari akasema, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyeendesha gari kwenye vumbi tangu alfajiri, "Najua, Elia. Hata mimi sipendi jinsi anavyokonda. Lakini siwezi kumpeleka mtu mwaka mzima kwa kumwangalia mikono. Nikija tena, mnipe kohozi. Kama hakuna, anatoka." Wote wawili walikuwa na haki, na ndiyo maana nilichoka. Ninajua nyumba za Kimasai. Mlango mmoja, moshi, ndama, na watoto wamelala pamoja na babu. Kama alikuwa nacho, tulikuwa tunakirudisha kule pamoja naye.

Nyuma ya zahanati palikuwa na jiko la jamaa za wagonjwa, kibanda cha mabati kilichopigwa masizi mpaka kuta zikang'aa. Humo kila mtu alipika cha kwao. Wairaqw walichemsha kande za mahindi na maharage, mke wa fundi cherehani wa mjini, Mwislamu mmoja mkimya, alipika wali mdogo wenye harufu nzuri ya kututia njaa wote, na Yeyo Sinyati alichemsha maziwa aliyoyanunua kwa ubishi. Nilipenda kukaa humo mchana, kwa sababu ya joto. Siku hiyo niliketi karibu naye, mtoto mapajani, na yeye ndiye aliyeanza.

"Mama Paskalina, wewe nasumbua mzee yangu kila siku na ile kopo."

"Ni kazi, Yeyo. Daktari akija asikute kitu, anamfukuza."

Akakoroga maziwa yake. Kiswahili chake alikiokota minadani, akauza nacho ngozi na maziwa, kwa hiyo kilikuwa kifupi na chenye nguvu. "Yeye najua nyinyi nataka nini. Si mjinga. Nyinyi nataka ule uchafu ya kifua."

"Sasa kwa nini hatoi?"

Akacheka, akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyekaa kwenye kigoda cha mwenye nyumba. "Wewe nakuja mtoto mgongoni, mkono mbele namna hii." Akanyoosha mikono yake miwili, viganja juu, na bangili zake zikateleza. "Mkono ikija hivi kwa mzee, mzee naweka nini? Naweka baraka. Iko mzee gani nachukua uchafu, naweka kwa mkono ya mwanamke iko na mtoto? Hiyo si mzee. Hiyo ni laana."

Paskalina alikuwa ameushika ushanga mmoja wa kifuani mwa Yeyo na kuuvuta, naye akamwachia. Nikauliza, "Na ule uchafu, anaupeleka wapi?"

"Kwangu," akasema. "Mimi ni bibi yake. Asubuhi yeye nakohoa kwa kibuyu ya zamani, mimi nafukia kwa majivu. Hapa nafukia kule nyuma ya mti. Nyumbani nafukia kwa mavi ya ng'ombe. Tangu Moru nafukia."

"Tangu Moru?"

"Tangu Moru. Mbele ya kutuhamisha."

Walihamishwa kutoka Moru, kule Serengeti, miaka kadhaa kabla ya siku ile ya maziwa. Nimonia haikai miaka. Mwanamke huyu alikuwa amekaa hatua chache kutoka meza yetu, na jibu lote lilikuwa chini ya majivu yake, nasi tulikuwa tunamchezea mumewe ngoma ya trekta. "Yeyo, kwa nini hukutuambia?" nilimuuliza, na nilisikia sauti yangu imepanda. Akajibu bila kugeuka, "Wewe napita mbele yangu kila asubuhi na kopo. Umeniuliza?"

Nilimpa yeye kopo. Alizungumza na mzee jioni ile, sijui walisemezana nini, ila niliona mzee amegeukia ukuta. Asubuhi Yeyo Sinyati alileta kopo limefunikwa na kufungwa kwa kipande cha kitambaa, akaliweka chini mlangoni, hakunipa mkononi. Bwana Elia ndiye aliyeokota. Ukungu ulikuwa mzito. Tulitandaza, tukakausha, tukapaka rangi, tukaosha, kisha tukasubiri jua. Lilipotoka, Bwana Elia aliinama, na hakukaa muda. Alinyanyuka, akasema, "Njoo uangalie." Nilikuwa nimemchukua Paskalina kutoka kwenye sanduku lake kwa sababu alilia, yumo mgongoni. Niliinama naye. Sikuhitaji kutafuta. Vilikuwa vingi, vyekundu, vimelala hovyo kwenye bluu kama mabua baada ya mavuno. Na nyuma ya shingo yangu nikasikia pumzi ya mtoto, joto, inaingia na kutoka. Niliogopa. Sijawahi kuogopa tena vile, hata siku daktari wa sukari aliponiita pembeni mwaka huu. Kwa wiki nzima na zaidi nilikuwa nikiinama pale kitandani, mtoto wangu uso kwa uso na kile kifua.

Bwana Elia aliona. Akavuta kiti, akanikalisha, kisha akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Mama Paskalina, mate aliyompaka mtoto tuliyaangalia sisi wenyewe. Kila siku. Uliona kitu?" Nikasema sikuona. "Basi. Baraka yake ilikuwa safi." Ulikuwa ukarimu, na haukuwa ukweli wote. Ugonjwa ule haupiti kwenye paji la uso, hupita hewani mtu akikohoa, naye alijua, nami nilijua, maana ndiye aliyenifundisha. Lakini alinipa kitu cha kushika nikaweza kuinuka na kuosha vioo.

Kumwambia mzee kulifanyika nje, kwenye upepo. Daktari alisema, Bwana Elia akaongeza, Yeyo Sinyati akageuza kwa Kimasai. Mzee alisikiliza akiegemea fimbo yake. Habari ya lori aliipokea, habari ya mwaka aliipokea. Kisha akauliza kitu kifupi, na Yeyo Sinyati hakugeuza. Daktari akamwomba. Akasema, akiangalia chini, "Nauliza, na ule mtoto?"

Tangu saa hiyo alijiziba mdomo kwa shuka kila nilipopita. Salamu yake ilitoka nyuma ya kitambaa. Asubuhi ya kuondoka, lori limeunguruma na Yeyo Sinyati ameshapandisha kibuyu chake, nilitoka na Paskalina. Sikujua nafanya nini. Sehemu moja yangu ilitaka kumficha mtoto ndani ya nyumba, na sehemu nyingine ilikumbuka kwamba huyu mzee amekonda akitulinda na uchafu wake kwa namna aliyoijua. Nikamsogeza mtoto. Mzee akageuza uso. Akainama, akang'oa nyasi kidogo kando ya barabara, maana nyasi nazo kwao ni baraka, akamgusa nazo mtoto mguuni, mbali, mkono wake umenyooka wote. "Ile ingine," akasema kwa Kiswahili chake, "nikirudi."

Mwaka uliobaki ulikuwa wa kupima uzito. Daktari alimchoma Paskalina kisindano chini ya ngozi ya mkono, na siku chache baadaye pakavimba, pekundu, pagumu. Maana yake kimeingia, akasema, ila huenda bado kimelala. Tutampa dawa kisiamke. Nilisaga vidonge kwa mgongo wa kijiko, nikachanganya na asali ya nyuki wadogo, nikamshika pua. Kila siku. Alitapika, nikasaga tena. Kila wiki tulimning'iniza kwenye mzani wa stoo, ule uliobakia wa ngano, akipiga mateke ndani ya mfuko, nami nikitazama mshale kama mtu anayesomewa hukumu. Kuna wiki ulipanda na kuna wiki ulishuka. Baba yake alikuja Jumapili moja, akasimama mlangoni, akasema, "Acha hiyo kazi." Nikamwambia, "Nikiacha, kile kitu kitatoka kwa mtoto kirudi kwenye kopo?" Akakaa chini, akavua viatu, akamchukua mtoto akamweka kifuani. Hakulisema tena. Naye alikuwa amefukia yule wa kwanza kwa mikono yake.

Wapo walionishauri nimchukie mzee. Jirani yangu alisema Mmasai yule amemtemea mtoto kifo, na alisema kwa sauti kisimani, ili nisikie. Nilijaribu kumchukia, nikashindwa kwa uchovu. Chuki nayo inataka chakula na usingizi. Niliendelea kwenda kazini. Ila kopo sikumnyooshea mtu tena. Niliuliza kwanza nani nyumbani anayefukia, na nikashangaa jinsi kila nyumba ilivyokuwa naye, mke, au mama, au dada mkubwa, anayejua rangi ya kohozi la mtu kuliko mgonjwa mwenyewe. Habari za mzee zilikuja na madereva. Mmoja alisema amekufa wakati wa masika. Mwingine akasema amemwona, mnene, akibishana na wapishi. Sikujua nimwamini nani.

Masika ya pili yalipokwisha nilikuwa nje naosha vioo. "Takwenya!" Nikajibu "Iko" kabla sijageuka, na nilipogeuka nilikuta amesimama yeye, na koti refu la hospitali juu ya shuka, mashavu yamejaa, na Yeyo Sinyati nyuma yake akicheka bila sauti. Paskalina alikuwa anatembea sasa. Alijificha kwenye sketi yangu. Nikamsukuma mbele, kichwa kimeinama, kama mtoto anavyokwenda kwa mzee. Mzee Lemomo akainua kiganja.

"Bado," akasema. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kopo, lile letu la mafuta ya kupaka, limesuguliwa mpaka rangi imetoka. "Pima kwanza."

Bwana Elia alitoka, akamwambia hospitali imempa karatasi ya kupona, hakuna haja ya kumaliza rangi yetu. Mzee akasema, "Karatasi ni ya kwao. Mtoto ni yangu." Akaenda mwenyewe nyuma ya uzio, upepo ukimpiga mgongoni, akakohoa. Sasa kohozi lilikuwa halitoki. Alijikamua, akapiga magoti, akashika mbavu kama nilivyofanya mimi siku ile wadini, na mwishowe akaja na kidogo sana chini ya kopo. Alinipa mwenyewe, mkononi, uso umegeukia pembeni. Nilifanya kila kitu taratibu. Alisimama dirishani akanizibia jua, nikamwambia baba, sogea, akasogea. Niliipitia slaidi yote, mstari kwa mstari, kutoka ukingo hadi ukingo. Bluu tupu.

"Safi?"

"Safi, baba."

"Angalia tena."

Niliangalia tena. Bwana Elia naye akaangalia. Kisha tukatoka nje, na mzee akainama mpaka chini, mikono magotini, akamnyunyizia Paskalina paji la uso, na safari hii maneno yake yalikuwa marefu. Yeyo Sinyati aliitikia kila mara kwa jina la Mungu wao, "Engai." Mtoto alikunja uso, akainua mkono ajipanguse. Niliukamata ule mkono, nikaushikilia mpaka paji likakauka lenyewe.

Sasa nyinyi mnaonong'ona. Nilipokuwa nikimuuguza mama yenu, mwezi wa mwisho, nilianza kukohoa kidogo. Niliondoka nyumbani kwa fimbo yangu, nikapanda bodaboda, uzee wote huu, mpaka hospitali. Kijana wa maabara alinipa kikopo cha plastiki, akanifundisha kukohoa, nikamsikiliza kwa adabu. Nilimsubiri kwenye benchi mpaka mchana. Alipotoka alisema, "Bibi, uko safi. Mashine haijaona kitu." Nikamwambia aangalie tena.